Programu za serikali zifunguliwe, na wanaozikagua walipwe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wananchi wengi hulichukulia kuwa la wataalamu peke yao, ilhali linagusa matibabu yao, kura zao na akiba zao. Kila serikali kuu au kaunti inapotangaza zabuni ya mfumo wa kompyuta, kuna hoja ambayo hurudiwa na wanaoketi katika kamati za ununuzi: kwamba programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini) uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuurekebisha, ni kazi ya watu wa kujitolea na kwa hiyo ni dhaifu, na kwamba programu ya kampuni, ambayo msimbo wake umefungwa na hutumiwa kwa leseni ya kulipia, ni bora kwa sababu ina mwenyewe. Upande wa pili wako vijana wa fani yetu, na wengi wao wamo humu Nairobi, wanaoamini kwamba msimbo ukishawekwa wazi ubora utakuja wenyewe kwa kuwa macho yanayoutazama ni mengi. Mimi ni mhandisi wa programu, nimelipwa kuandika za aina zote mbili, na naona kwamba hoja hizi zinatupotosha kwa namna moja, kwa sababu zote zinautafuta ubora ndani ya leseni, mahali ambapo haupo.

Msimbo mzuri ni ule ambao mtu asiyemjua aliyeuandika anaweza kuusoma akaelewa kinachofanyika. Una majaribio yanayoendeshwa kila unapobadilishwa, hukagua kila kinachoingizwa kabla ya kukiamini, na ukirekebishwa upande mmoja hauharibiki upande mwingine pasipo mtu kujua. Kampuni ya Coverity, ambayo ilitengeneza zana za kuchunguza msimbo, ililinganisha aina hizi mbili kwa miaka kadhaa, na katika ripoti yake ya mwaka 2012 programu huria zilikuwa na wastani wa dosari 0.69 kwa kila mistari 1,000 ya msimbo, huku za kampuni zikiwa na 0.68. Katika ripoti ya mwaka 2013, za huria zilikuwa na 0.59 na za kampuni 0.72. Wapo waliozishangilia takwimu hizo za pili, lakini mimi sioni ushindi wowote hapo. Zana ya aina hiyo hutambua makosa ya namna fulani tu, na miradi iliyochunguzwa ni ile iliyokubali kuchunguzwa, ambayo yaelekea ndiyo iliyokuwa ikijali kazi yake tangu mwanzo. Kinachodhihirika ni kwamba ukiwa na programu mbili mezani, kujua ipi ni huria na ipi ni ya kampuni hakukuambii ipi imeandikwa vizuri.

Nianze na udhaifu wa upande ninaoupenda zaidi. Tarehe 7 Aprili 2014 ulimwengu ulitangaziwa dosari iliyopewa jina la Heartbleed, iliyokuwa ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano baina ya kompyuta ya mtumiaji na seva, yaani kompyuta zinazotoa huduma, za benki, za barua pepe na za maduka ya mtandaoni. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kompyuta moja huipelekea nyingine neno fupi, ikitaja neno hilo lina urefu gani, na ile ya pili hulirudisha kuonyesha kwamba bado ipo. Msimbo haukuhakikisha kwamba urefu uliotajwa ni wa kweli. Mtu aliyetuma herufi chache na kudai kuwa ametuma maelfu alirudishiwa herufi zake pamoja na chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa mara moja, na humo mliweza kuwamo nywila za watu na hata funguo za siri za seva yenyewe. Kosa hilo liliingizwa mwishoni mwa mwaka 2011, likapita mbele ya mkaguzi, likatolewa kwa umma mwezi Machi 2012, na likakaa zaidi ya miaka miwili huku msimbo ukiwa wazi kwa kila mtu duniani.

Swali la kujiuliza ni kwa nini hakuna aliyeliona mapema. Jibu lilijulikana siku chache baadaye, nalo liliwaaibisha wengi: mradi ambao sehemu kubwa ya biashara ya intaneti ilitegemea ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wake wote. Kampuni zilizokuwa zikichuma mabilioni kupitia programu hiyo zilidhani kwamba mtu mwingine anaisoma, na huyo mwingine naye alidhani vivyo hivyo. Baada ya aibu hiyo kampuni kubwa, Google, Microsoft na Amazon zikiwemo, ziliahidi kutoa fedha kupitia wakfu wa Linux, shirika linalosimamia miradi ya programu huria, ili miradi ya aina hii ipate waandishi na wakaguzi wanaolipwa. Hapo ndipo OpenSSL ilipoanza kutunzwa inavyostahili.

Wala hilo halikuwa la mwisho. Mwezi Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia katika kompyuta zake za majaribio kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alifuatilia ucheleweshaji huo hadi akaukuta mlango wa siri uliofichwa ndani ya XZ Utils, programu huria ndogo ya kubana mafaili inayopatikana katika mifumo mingi ya Linux, programu huria inayoendesha seva nyingi duniani. Aliyeupachika alikuwa mtu aliyetumia jina ambalo hadi leo mwenyewe hajulikani, na ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa ameleta michango mizuri hadi akaaminiwa na mtunzaji wa mradi, mtu wa kujitolea aliyekuwa amechoka na aliyekuwa akishinikizwa akubali msaidizi. Tukio hilo linanitia hofu, nami nakiri kuwa linawapa hoja wapinzani wa programu huria. Hata hivyo, Freund aliweza kulifumbua kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Asingekuwa na la kufanya kama XZ ingekuwa mali ya kampuni, ila kuandika malalamiko na kusubiri kujibiwa.

Sasa tutazame upande wa pili, na hapa naomba msomaji asome polepole, kwa kuwa kisa hiki kinatuhusu kuliko tunavyofikiri. Posta ya Uingereza ilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa uhasibu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Msimbo wake ulikuwa umefungwa. Wasimamizi wa vituo vidogo vya posta, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wa kawaida wa vijijini na mitaani, walianza kuona upungufu wa fedha ambao hawakuweza kuueleza. Walipopiga simu kuomba msaada, wengine waliambiwa kwamba ni wao tu wenye tatizo hilo. Mikataba yao iliwataka walipe upungufu kutoka mifukoni mwao. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu, kwa ushahidi uliotokana na mfumo huo. Wapo waliofungwa jela, wapo waliofilisika, na wapo waliofariki kabla ya majina yao kusafishwa.

Wakati huo wote, ndani ya kampuni kulikuwa na kumbukumbu za makosa yanayojulikana ya Horizon. Wafanyakazi wake waliweza pia kuingia kutoka mbali na kubadilisha taarifa za hesabu za vituo, jambo ambalo Posta ilikuwa imelikana. Sheria ya Uingereza nayo iliitaka mahakama ichukulie kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, lakini mshtakiwa hakuwa na msimbo wala kumbukumbu za kuthibitishia. Ilibidi wasimamizi 555 waungane kufungua kesi moja ndipo, mwezi Desemba 2019, jaji akaamua kwamba mfumo huo ulikuwa na dosari zilizoweza kusababisha upungufu wa uongo. Ikalazimu Bunge la Uingereza kupitisha sheria maalumu mwaka 2024 ili kufuta hukumu kwa jumla.

Sisemi kwamba Horizon ilikuwa mbovu kwa sababu ilifungwa. Ilikuwa mbovu kwa sababu iliandikwa vibaya, na uandishi mbaya uko pande zote. Ninachosema ni kwamba kufungwa kwake ndiko kulikougeuza ubovu wa programu kuwa hatia ya binadamu. Dosari ya Heartbleed ilipotangazwa, mwanafunzi yeyote wa kompyuta, awe Helsinki au Juja, aliweza kufungua msimbo siku hiyo hiyo, akauona mstari wenye kosa, akausoma mstari uliolirekebisha, na akajihakikishia mwenyewe kwamba pengo limezibwa. Waliohukumiwa kwa sababu ya Horizon walihitaji karibu miaka 20 kupata sehemu tu ya ukweli ambao kampuni ilikuwa nao kabatini.

Tusidhani mambo haya ni ya Ulaya. Niliwahi kuitwa na chama kimoja cha ushirika cha akiba na mikopo humu jijini, ambacho wanachama wake walilalamika kwamba riba waliyokatwa haikulingana na hesabu walizofanya wenyewe kwa kalamu. Kampuni iliyowauzia mfumo ilijibu kwamba hesabu ni sahihi. Msimbo hatukuruhusiwa kuuona, wala maelezo ya fomula iliyotumika hatukupewa, kwa madai kwamba hiyo ni siri ya biashara. Kumbukumbu za wanachama zenyewe zilikuwa zimehifadhiwa kwa namna ambayo mfumo mwingine haungeweza kuzisoma, kwa hiyo hata kuhama kulikuwa kugumu. Kamati ya usimamizi, watu waliochaguliwa kulinda akiba za wenzao, ililazimika kuamini kwa neno tu.

Nchi yetu imeliona jambo hili katika uzito mkubwa zaidi. Katika kesi ya uchaguzi wa urais wa mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliagiza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iwaruhusu walalamishi, chini ya usimamizi wa wataalamu wa mahakama, kusoma taarifa zilizokuwa katika seva zake. Agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu, na majaji walio wengi walisema katika hukumu yao kwamba hawakuwa na budi ila kuchukulia kwamba kilichofichwa kingeiumiza tume. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu za matokeo ya vituo vyote kwenye tovuti ili kila Mkenya ajumlishe mwenyewe, na ninaipongeza kwa hatua hiyo. Lakini picha za fomu ni zao la mfumo. Namna mfumo wenyewe unavyofanya kazi, mpiga kura bado hana njia ya kuisoma.

Linganisha na Uswisi. Mapema mwaka 2019, Posta ya nchi hiyo iliweka wazi msimbo wa mfumo wake wa kupigia kura kwa intaneti, uliotengenezwa na kampuni ya Scytl, kabla ya kuutumia kwa upana. Watafiti watatu wa nje, Sarah Jamie Lewis, Olivier Pereira na Vanessa Teague, walikuta katika sehemu ya kuchanganya kura, ile inayoficha nani alipiga kura ipi, dosari ambayo ingemwezesha mtu wa ndani kubadilisha kura na bado atoe uthibitisho wa kihesabu kwamba hakuna kilichobadilika. Mfumo ulisimamishwa. Hakuna uchaguzi uliofutwa. Tangu Januari 2024, sheria ya Uswisi inazitaka taasisi za serikali ya shirikisho ziweke wazi msimbo wa programu zinazotengenezwa kwa ajili yao, isipokuwa pale haki za watu wengine au usalama vinapozuia.

Sisi wenyewe si wageni wa njia hii, na inaniuma kuona tunavyoisahau. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Uzoefu wa Mosoriot na Eldoret ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi, na ambayo KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu unaotumiwa na vituo vingi vinavyotibu watu wenye virusi vya ukimwi nchini, imejengwa juu yake. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kusimika nchi nzima, kupitia intaneti, mfumo huria wa takwimu za afya wa DHIS2 kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa mwaka 2008, damu ikimwagika baada ya uchaguzi, Wakenya waliandika Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, wakauachilia msimbo wake, na miaka miwili baadaye ukatumika kuokoa watu katika tetemeko la ardhi la Haiti. Kazi hizi zimesomwa na kurekebishwa na wahandisi wa mataifa mengine, na wahandisi wetu wamejifunza ufundi kwa kuzisoma.

Ndiyo maana ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotolewa mwaka 2025 ilinisikitisha. Ilieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa afya unaotumiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inayosimamia bima ya afya ya umma, wenye gharama inayozidi Sh104 bilioni, si mali ya serikali. Kwa mujibu wa mkataba, umiliki wa mfumo na haki zote za ubunifu ni za muungano wa kampuni zilizoujenga. Nchi iliyojenga mfumo wa wagonjwa ambao ulimwengu unautumia bure imekubali kulipia mfumo ambao, kwa mujibu wa ripoti hiyo, si mali yake. Malipo yakikataliwa katika hospitali ya Garissa au Kisii, mgonjwa akiambiwa kwamba jina lake halionekani ilhali amelipa, ni nani nje ya kampuni hizo atakayefungua msimbo atafute sababu? Mkaguzi Mkuu anaweza kukagua stakabadhi, lakini hawezi kukagua uamuzi uliofanywa na programu asiyoruhusiwa kuisoma.

Najua nitajibiwa kwamba msimbo ukiwekwa wazi wezi watauona. Pingamizi hili ni la zamani na lilijibiwa zamani. Mwaka 1883, mtaalamu Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika katika jarida la kijeshi la Ufaransa kwamba mfumo wa kuficha ujumbe unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo pekee ndio usiojulikana. Kinachopaswa kuwa siri ni nywila, funguo na taarifa za wagonjwa, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda, na hakuna anayeomba zitolewe. Wezi nao hawajawahi kuzuiwa na kufungwa kwa msimbo. Windows si programu huria, lakini mwezi Mei 2017 shambulio la WannaCry lilizifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, kupitia dosari ambayo shirika la ujasusi la Marekani liliijua kabla ya umma kuijua. Mwenye nia na fedha huzipata dosari hata pasipo msimbo. Anayezuiwa ni raia mwema.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la OpenSSL, na sitaki kulikwepa. Serikali ikiweka msimbo wazi kisha isimlipe mtu wa kuusoma, itakuwa imefanya nusu ya kazi, na pengine nusu iliyo rahisi. Kujitolea hakutoshi kuitunza programu ambayo uhai wa watu unaitegemea. Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Habari, kwa Mamlaka ya TEHAMA na kwa kamati husika za Bunge lina sehemu mbili zisizotenganishwa. Mkataba wowote wa programu inayotengenezwa kwa fedha za umma useme wazi kwamba msimbo, majaribio yake na maelezo ya namna data inavyohifadhiwa ni mali ya umma, na kwamba utawekwa wazi kabla ya malipo ya mwisho kutolewa. Katika bajeti ya mfumo huo huo itengwe, kila mwaka mfumo utakapokuwa ukitumika, fedha ya kuwalipa wakaguzi na watunzaji wasiotoka kwa kampuni iliyoujenga, na ripoti zao zichapishwe. Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi na Jomo Kenyatta vina walimu na wahitimu wanaoweza kazi hii, na wengi wao kwa sasa wanaifanyia kampuni za nje kwa sababu hapa hakuna anayewaajiri kuifanya.

Pale ambapo programu ya kampuni ndiyo pekee inayofaa, na hutokea, basi ununuliwe pamoja nayo uhuru wa Mkaguzi Mkuu na mahakama kuusoma msimbo panapozuka mzozo, na msimbo huo uwekwe amana kwa mtu wa tatu ili kampuni ikifilisika mfumo usizikwe nayo. Ibara ya 227 ya Katiba inataka ununuzi wa umma uwe wa haki na wa uwazi, na ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sioni jinsi masharti hayo yanavyotimizwa na mkataba unaoifanya serikali yenyewe isijue kilichomo ndani ya mfumo wake.

Kaunti kadhaa zina mikataba ya mifumo ya ushuru na ya hospitali inayokaribia kwisha. Nawasihi madiwani wa mabunge ya kaunti hizo waitake idara ya ununuzi iwaletee rasimu ya zabuni mpya kabla haijatangazwa, na waulize msimbo utakuwa wa nani, nani atausoma, na atalipwa kutoka fungu lipi la bajeti. Mkataba ukishatiwa saini, maswali hayo yatajibiwa na wakili wa kampuni.

Mhandisi wa programu,
Nairobi